Kuhesabu atomu zilizopotea: namna ya kuitambua hali ya Efimov

Mimi kazi yangu ni kuhesabu atomu ambazo hazipo tena. Kila asubuhi nafungua faili za usiku uliopita, natazama wingu la seziamu lilianza na atomu ngapi na likabaki na ngapi, kisha kutokana na pengo hilo natoa hukumu: hapa zilikutana tatu kwa mpigo, au hapa ni mabaki ya hewa tu ndani ya ombwe yamezipiga kumbo. Trimeri ya Efimov yenyewe, yaani kundi la atomu tatu zilizoshikana, sijawahi kuiona. Ni kama panya wa ghalani: humwoni, unaona gunia limepungua.

Nawaandikia wanaoanza. Pengine wewe ni mwanafunzi uliyekabidhiwa data za upotevu na kuambiwa "tafuta Efimov humo", au una kompyuta na udadisi tu, na unataka kuifikia mwenyewe ile namba 22.7 ambayo kila mtu huitaja bila kuonyesha imetoka wapi. Ukijua logi na unaweza kuandika programu ya mistari ishirini, tunaenda sawa.

Kwanza, kinachotafutwa

Chukua atomu mbili zinazovutana kidogo, kidogo mno hata haziwezi kushikana. Leta ya tatu. Zote tatu zinashikana. Ondoa yoyote kati yao, na mbili zilizobaki zinaachana hapo hapo. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Hapa hata mawili hayainjiki, yanatakiwa matatu kamili.

Hilo ndilo alilolionyesha Vitaly Efimov mwaka 1970 akiwa Leningrad, na wakati huo alikuwa akifikiria viini vya atomu, si gesi baridi. Sehemu iliyokuwa ngumu kumeza ni inayofuata: hali hizo si moja. Mvuto kati ya atomu mbili ukiwa umefika ukingoni kabisa, mahali ambapo karibu zishikane lakini bado, hali za atomu tatu zinakuwa mlolongo usio na mwisho, kila moja ikiwa nakala ya iliyotangulia, ila kubwa mara 22.7. Ilipita miaka 36 kabla kikundi cha Rudolf Grimm kule Innsbruck, Austria, hakijatoa ushahidi wa kwanza, mwaka 2006, kwa seziamu iliyopozwa hadi nanokelvini 10.

Ipate 22.7 kwa mkono wako

Usianze na data. Anza na namba hii, kwa sababu ukiijua imetoka wapi hutadanganyika na kila kilele cha upotevu utakachokutana nacho kwenye grafu.

Wazo ni hili. Mgongano wa atomu mbili baridi unaelezwa na kipimo kimoja tu, urefu wa mtawanyiko, tunaouandika a. Ukiwa hasi, atomu mbili zinavutana lakini hazina muungano mwepesi wa kuziweka pamoja. Ukiwa chanya na mkubwa, muungano huo upo. Pale katikati, a inapokwenda kwenye ukomo, haiwezi tena kuwa kipimo cha kitu chochote. Basi umbali pekee unaobaki kwenye hesabu ni ukubwa wa kundi lenyewe la atomu tatu, tuuite R. Nishati ya mwendo katika fizikia ya kwanta hupungua kwa 1/R², na kwa kuwa hakuna kipimo kingine cha kuchanganya nacho, mvuto wa jumla nao unalazimika kuwa wa umbo hilo hilo:

V(R) = −(s0² + 1/4) ħ² / (2mR²)

Hapa ħ ni kigezo cha Planck kilichogawanywa kwa 2π, na m ni masi ya atomu. Ile 1/4 ndiyo kizingiti. Mvuto wa 1/R² wenye nguvu chini ya robo haushiki kitu. Ukiivuka robo, wimbi la atomu tatu linaanza kupanda na kushuka kwa mtindo wa ajabu: linakwenda kama √R mara sini ya (s0 · ln R), yaani linahesabu hatua kwa logi. Kila s0 · ln R inapoongezeka kwa π, wimbi linapata fundo jingine, na kila fundo jipya ni hali nyingine mpya. Kwa hiyo R inazidishwa kwa e^(π/s0). Hapo ndipo nakala za Efimov zinapozaliwa.

Iliyobaki ni kuipata s0. Kwa bosoni tatu zinazofanana (bosoni ni chembe zinazoweza kukaa pamoja katika hali moja ya kwanta) mlinganyo wake ni huu:

s · cosh(πs/2) = (8/√3) · sinh(πs/6)

Hamishia kila kitu upande wa kushoto, uuite f(s), kisha utafute inapokuwa sifuri. Angalia mtego mmoja: s = 0 nayo ni jibu, lakini ni jibu tupu lisilo na maana. Programu yangu ya kwanza ilianzia sifuri, ikasema "nimepata", nami nikakaa nusu siku nikijiuliza kwa nini ulimwengu hauna trimeri. Anzia 1.

Kwenye s = 1, f ni −0.0213. Kwenye s = 1.01, f ni +0.0131. Jibu liko katikati. Ukichora mstari mnyoofu kati ya nukta hizo mbili, unakata sifuri kwenye 1.0062, na hiyo ni kwa karatasi na kikokotoo tu. Programu ikiendelea itakupa 1.00624. Sasa gawanya: π/1.00624 ni 3.1221, na e kwa kipeo hicho ni 22.69. Nishati inakwenda kinyume na mraba wa ukubwa, kwa hiyo hatua ya nishati ni 22.69², yaani 515.

Igeuze iwe kiu ya ubaridi

Namba tupu hazimwambii mtu kitu. Ziweke kwenye seziamu uone.

Kule Innsbruck hali ya kwanza iligusa kizingiti, yaani mahali trimeri inapoanza tu kuweza kuwepo, a ilipokuwa karibu −850 a0, ambapo a0 ni nusukipenyo cha Bohr, nanometa 0.0529. Hiyo ni nanometa 45. Kwa atomu, ni jitu. Zidisha kwa 22.7: hali ya pili inahitaji a ya karibu −19,300 a0, ambayo ni mikrometa 1. Zidisha tena: mikrometa 23. Trimeri ya tatu ingekuwa na upana wa kulingana na wingu zima ulilolinasa mtegoni, na hapo neno "trimeri" linaanza kupoteza maana.

Upande wa nishati unatisha zaidi. Nadharia inaunganisha a− (hivi ndivyo tunavyoiandika a ya kizingiti) na nishati ya hali hiyo a inapokuwa kwenye ukomo: κ = 1.508/|a−|, na nishati ni ħ²κ²/m. Kwa −850 a0 nimepata kilohezi 85 hivi (nishati ikiandikwa kama masafa), ambazo ni sawa na mikrokelvini 4. Gawanya kwa 515: hezi 166, nanokelvini 8. Gawanya tena: theluthi ya hezi moja. Maana yake, hali ya kwanza utaiona hata kama upozaji wako ni wa wastani. Kwa ya pili, wingu lenyewe lazima liwe baridi kama hali unayoitafuta. Ya tatu achana nayo.

Uga wa sumaku ndio usukani

Uzuri wa gesi baridi ni kwamba a haikukalii kichwani. Unaigeuza mwenyewe kwa uga wa sumaku, kwa kupitia rezonansi ya Feshbach, yaani uga ambapo atomu mbili zinazogongana zina nishati sawa na molekuli yao. Kwa seziamu iliyo katika hali yake ya chini kabisa, kati ya gausi 0 na 150, fomula waliyoitumia Innsbruck ni hii:

a(B) = (1722 + 1.52·B) · (1 − 28.72/(B + 11.74))

B iko kwa gausi, jibu liko kwa a0. Ichore kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Kwenye gausi 0 utapata karibu −2,490. Kwenye 7.5 utapata −854, ndipo kilipo kilele chetu. Karibu na 17 a inakuwa sifuri, na kwenye 21 inafika kama +215, mahali pazuri pa kupozea wingu kwa sababu atomu hugongana vya kutosha bila kuangamizana. Kazi ya siku, basi, ni kupoza kwenye 21, kuruka haraka hadi uga unaoutaka, kusubiri, na kuhesabu.

Sasa angalia mteremko. Kati ya gausi 7 na 8, a inabadilika kwa takriban 134 a0 kwa kila gausi, na mteremko unazidi kuwa mkali ukielekea gausi sifuri. Uga wa dunia wenyewe ni kama nusu gausi. Usipousawazisha umeshakosea kwa zaidi ya 60 a0, na kosa lililochapishwa kule Innsbruck lilikuwa 20 tu. Kwa hiyo usiuamini mkondo wa umeme unaosomeka kwenye kifaa cha koili. Pima uga kwa atomu zenyewe: piga wingu kwa mikrowevu, utafute ni masafa gani yanayozihamisha atomu kutoka ngazi ya F = 3, mF = 3 kwenda F = 4, mF = 4 (F na mF ni namba za kwanta zinazotaja ngazi za nishati za atomu). Bila uga, masafa hayo ni hezi 9,192,631,770, ile ile inayotupa maana ya sekunde. Kila gausi moja inayasogeza kwa megahezi 2.45. Ukiyajua masafa kwa kilohezi moja tu, umeijua B kwa chini ya nusu miligausi.

Nasisitiza kwa sababu kuna wiki moja vilele vyangu vilikuwa vinatembea. Jumatatu kiko hapa, Jumatano kimesogea, Ijumaa kimerudi. Nilishuku leza, nikashuku programu, nikamshuku hata mwenzangu wa zamu. Ilikuwa bisibisi yenye ncha ya sumaku; mtu aliiacha juu ya meza ya leza na vioo, sentimita chache kutoka kwenye chemba, na kila aliyeihitaji aliichukua na kuirudisha anapojua yeye.

Kwa nini upotevu unasema kweli

Atomu tatu zikikutana mahali pamoja, mbili zinaweza kuungana ziwe molekuli iliyoshikana kwa nguvu, na nishati inayotoka inamrusha kila mmoja nje ya mtego. Tatu zimepotea. Kasi yake tunaiandika L3: dn/dt = −L3·n³, n ikiwa msongamano wa atomu. Bila Efimov, L3 inakua kwa a⁴. Lakini a ikiwa mahali ambapo trimeri inagusa kizingiti, atomu tatu zinapata mlango: zinaingia kwenye trimeri, zinakaribiana kupita kawaida, na kuungana kunakuwa kwa haraka sana. Hicho ndicho kilele. Fomula yenyewe kwa a hasi:

L3 = 3 · C(a) · ħa⁴/m
C(a) = 4590 · sinh(2η) / [ sin²(s0 · ln(a/a−)) + sinh²η ]

Vipimo viwili tu vya kutafuta: a−, mahali pa kilele, na η, inayosema trimeri inaoza upesi kiasi gani. Innsbruck walipata η = 0.06. η ndogo ni kilele chembamba na kirefu.

Faida ya kutumia seziamu katika hali yake ya chini kabisa ni kwamba atomu mbili peke yake haziwezi kudhuriana. Hazina pa kushukia. Mshukiwa mmoja ameshatoka kwenye orodha.

Kuhesabu kwenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Njia inayokuja akilini ni hii: pima idadi ya atomu, N, kwa nyakati kumi au kumi na tano, lazimisha mkunjo upite kwenye nukta, toa L3. Nilifanya hivyo. Mikunjo ilipita vizuri mwanzoni, kisha mwishoni nukta zote zikakaa juu ya mstari, kana kwamba atomu zimechoka kufa. Nikaongeza vipimo kwenye fomula hadi mikunjo ikatii. Kosa hilo lilinigharimu wiki tatu.

Kilichokuwa kinatokea ni kwamba wingu lilikuwa linapata joto. Fikiria: atomu tatu hukutana wapi zaidi? Katikati ya mtego, penye msongamano. Na atomu zilizo katikati ndizo zenye nishati ndogo kuliko wenzao, kwa sababu ziko chini ya bonde. Kila pigo la upotevu linaondoa maskini na kuwaacha matajiri, wastani wa utajiri unapanda. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa mtego wa umbo la bakuli, wastani wa nishati ni 3kT kwa atomu (T ni joto, k ni kigezo cha Boltzmann). Anayepotea kwa pigo la watatu ana 2kT tu. Tofauti ya kT inabaki ndani, na kila asilimia 3 ya atomu zinazopotea inapandisha joto kwa asilimia 1. Wingu likipata joto linapanuka, msongamano unashuka, upotevu unapungua. Atomu hazikuwa zimechoka; zilikuwa zimeachiana nafasi.

Kwa hiyo pima joto kwenye kila nukta, si mwanzo tu, na utatue milinganyo miwili kwa pamoja:

dN/dt = −αN − γN³/T³
dT/dt = γ (N²/T³) · (T + Th)/3

α ni upotevu wa polepole wa mabaki ya hewa. Ujue peke yake kwa kusubiri muda mrefu wingu likiwa jembamba. Th ni joto la ziada ambalo bidhaa za muungano huacha zikitoka. Ukishaipata γ, L3 inatoka kwa:

γ = L3 · (mω²/2πk)³ / √27

ambapo ω ni wastani wa kijiometri wa masafa ya mtego kwenye pande zake tatu.

Tazama vipeo kwenye fomula hiyo, usizipite haraka. ω iko kwa kipeo cha sita. Ukikosea masafa ya mtego kwa asilimia 5, L3 yako imekosea kwa asilimia 34. Ukikosea idadi ya atomu kwa asilimia 20, jambo la kawaida kabisa kwenye picha za kivuli, L3 inaondoka na asilimia 44. Ukweli mchungu ni kwamba kimo cha L3 karibu hakuna anayekijua vizuri. Lakini makosa haya yanavuta nukta zote kwa pamoja, juu au chini. Hayasogezi kilele kushoto wala kulia. Mahali pa kilele panategemea B, na B umeipima kwa mikrowevu. Ndiyo maana mtu akinionyesha a− yake namsikiliza, na akinionyesha kimo naomba kwanza kuona alivyopima ω.

Kuna njia ya kujipunguzia maumivu kwenye grafu. Usichore L3; chora urefu wa muungano, ρ3 = [2mL3/(√3ħ)]^(1/4). Bila Efimov huo ungekuwa mstari mnyoofu dhidi ya a, kwa hiyo kilele kinaonekana bila kuhangaika, na mzizi wa nne unalibana kosa la asilimia 40 likawa kama 9.

Tena: kabla ya kulinganisha na karatasi ya mtu mwingine, tafuta ameandika nini. Wengine huhesabu matukio, wengine huhesabu atomu. Tofauti ni mara 3. Wingu la joto na kondenseti ya Bose–Einstein (wingu baridi mno ambamo atomu zote ziko katika hali moja) zinatofautiana kwa mara 6. Nimewahi kubishana na mwenzangu siku nzima kuhusu mara 18.

Usiangalie kilele kabla ya kuangalia dari

Kuna kikomo ambacho L3 haiwezi kukivuka hata iweje, kinachowekwa na joto peke yake:

L3 ya juu kabisa = 36√3 π² ħ⁵ / [m³ (kT)²]

Weka namba za seziamu. Kwa a− = −850 a0 na η = 0.06, fomula ya juu inatarajia kilele cha kama 9×10⁻²² cm⁶ kwa sekunde. Kwenye nanokelvini 10 dari liko 4×10⁻²⁰, nafasi tele. Kwenye nanokelvini 250 dari limeshuka mara 625, hadi 6×10⁻²³, chini ya kilele kwa zaidi ya mara kumi. Kilele kimekatwa kichwa. Utakachokiona ni kilima butu, na programu kwa utiifu wake itakuambia η ni kubwa, kumbe η haina hatia.

Basi hesabu dari kwanza. Ikiwa kilele chako kinalikaribia, punguza joto au tumia nadharia kamili yenye joto ndani yake; fomula ya joto sifuri iweke kando.

Umepata kilele. Je, ni chenyewe?

Kilele kimoja si Efimov bado. Kuna rezonansi nyembamba za Feshbach zinazotoboa grafu popote zinapotaka. Kipimo cha haraka ninachokitumia ni cha van der Waals, yaani umbali ambao mvuto wa kawaida kati ya atomu mbili unafika. Nadharia ya mwanzo ilidhani a− ingekuwa tofauti kwa kila aina ya atomu, bila mpangilio. Mwaka 2011 Innsbruck walipima rezonansi kadhaa tofauti za seziamu wakakuta a− karibu ile ile, na ikilinganishwa na urefu wa van der Waals, kwa seziamu 101 a0, ni kama −9. Rubidiamu-85 nayo inakaa karibu na −9. Kwa hiyo zidisha urefu wa van der Waals wa atomu yako kwa 9, na anza kutafuta hapo. Ila usiufanye msahafu: potasiamu-39 ilipopimwa kwa makini huko JILA, taasisi ya utafiti ya Boulder, Marekani, mwaka 2019, ilitoka karibu −14.

Ushahidi wenye nguvu kweli ni kilele cha pili. Innsbruck walikipata mwaka 2014, a ikiwa karibu −20,000 a0, na uwiano wao ulikuwa 21.0 ± 1.3. Kama huna uvumilivu wa nanokelvini chache, changanya atomu nyepesi na nzito. Lithiamu moja na seziamu mbili zinapunguza hatua kutoka 22.7 hadi 4.88, na vilele vinakaa karibu karibu. Chicago na Heidelberg walivionyesha mwaka huo huo. Wenye bahati kuliko sote ni watu wa Frankfurt, ambao mwaka 2015 waliipasua trimeri ya heliamu kwa leza na kutokana na vipande wakalichora umbo lake. Wao waliona panya mwenyewe.

Jambo moja limebaki. Ukishapata kilele chako kwenye −850 au −870, utaona pembeni, karibu na −410 na −730, vibonge vidogo vya upotevu. Mara ya kwanza niliviona nikaviita kelele, nikafuta nukta zake tisa kwenye faili, na mkunjo wangu ukapendeza. Miezi michache baadaye nikasoma kwamba kila trimeri ya Efimov huja na hali mbili za atomu nne, a zake zikiwa kama 0.43 na 0.90 ya a− kwa nadharia, na kwamba seziamu ilishaonyesha zote mbili mwaka 2009, mahali pale pale nilipofuta. Bahati yangu faili la asili lilikuwepo. Nukta tisa nimezirudisha, kila moja na baa yake ya kosa, na milinganyo ya N na T sasa ina neno la ziada la N⁴ ndani yake.